Miezi minane na bunduki mlangoni: tathmini ya huduma ya ulinzi wa silaha, Kirumba, Mwanza

Duka langu liko Kirumba, hatua chache kutoka barabara inayoshuka soko la samaki la Mwaloni. Ninauza nyavu za dagaa na za sangara, kamba, maboya, taa za kuvulia na vipuri vya injini za mitumbwi, na pembeni nina kaunta ndogo ya uwakala wa fedha za simu. Kwa miezi minane nimelipia huduma ya ulinzi wa silaha kutoka kampuni moja binafsi ya hapa jijini. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ninachotaka kukipima ni huduma yenyewe, na kwa sababu wafanyabiashara wenzangu watatu waliokodi kwingine wamenisimulia mambo yanayofanana na yangu. Ninamwandikia yeyote anayefikiria kuweka mtu mwenye bunduki mlangoni pake, maana swali nililopaswa kuliuliza siku ya kutia saini mkataba sikuliuliza hadi mwezi wa tatu, na nusura nilijifunze kwa gharama ambayo hailipiki.

Anayeishi kwa biashara ya ziwa anajua kwamba fedha zetu hufuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikishakuwa kali wavuvi hupanda nchi kavu, hushona nyavu, hugawana mapato na kulipana madeni. Siku tatu au nne kabla giza halijarudi, matajiri wa mitumbwi kutoka Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome humiminika mjini kununua zana, na wengi wao hulipa taslimu. Siku hizo droo yangu hujaa kuliko wiki mbili zilizotangulia kwa pamoja, na si mimi peke yangu ninayelijua hilo. Ndiyo maana, baada ya duka la mtaa wa pili kuvunjwa, sikusita: niliomba mlinzi mwenye silaha kila usiku, na wa mchana pia katika zile siku za manunuzi. Bei ilikaribia mara mbili ya mlinzi wa rungu, nikaona ni halali yake.

Nianze na haki yao. Walinzi waliingia lindo saa kumi na mbili jioni bila kuchelewa, sare zao zilikuwa safi, na daftari la matukio liliandikwa kila saa kwa mwandiko unaosomeka. Gari la doria lilipita angalau mara mbili kwa usiku, na msimamizi alishuka na kusaini, hakupiga honi tu na kuendelea na safari. Mlinzi wa usiku, mzee mmoja aliyekuwa mgambo, alikuwa mtu wa adabu na macho mepesi, na kila asubuhi nilipomwamkia shikamoo alinijibu marahaba kisha akanieleza usiku ulivyokwenda: nani alipita, pikipiki gani ilisimama bila sababu, mbwa wa nani alibweka. Katika miezi yote minane hakuna hata msumari uliopotea dukani. Kama ningepima kwa wizi peke yake, ningewapa alama zote.

Katika mwezi wa tatu, siku mbili kabla ya giza, duka lilikuwa limefurika. Saa saba mchana niliingia stoo kutafuta bunda la kamba na kumkuta mtoto wa dada yangu, kijana wa kidato cha pili aliyekuja kunisaidia wakati wa likizo, amesimama mbele ya marobota ya nyavu. Bunduki ya marisau ilikuwa imeegemezwa kwenye robota la chini, mdomo ukiwa juu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mtutu. Mlinzi wa mchana alikuwa ameenda kutawadha, akaona stoo ni mahali salama kuliko nje. Kijana aliponiona aliuachia mtutu taratibu, kama mtu anayerudisha sahani mezani, akasema, "Mama mdogo, ni nzito kuliko nilivyodhani." Nilimwambia atoke nje. Mlinzi aliporudi nilimwomba aifungue bunduki mbele yangu. Ilikuwa na risasi ndani.

Tangu siku ile nimeacha kuitathmini huduma hii kwa kuuliza kama bunduki ipo. Ninauliza ni mikono mingapi inaweza kuifikia, na kwa muda gani. Kwa hesabu yangu ya mchana ule, watu wasiopungua kumi na wawili walikuwa na njia ya kufika kwenye lile robota bila kuulizwa: wafanyakazi wangu wawili, kijana, wabeba mizigo, na wateja wanaopenda kuingia stoo kuchagua wavu wenyewe. Yeyote kati yao angeweza kuwa mtu aliyetoka kutukanwa, kudhulumiwa au kufiwa asubuhi hiyo hiyo. Sisi husema hasira hasara, lakini ukubwa wa hasara hutegemea kilicho karibu na mkono hasira inapopanda.

Jirani yangu anayeuza injini, mtu ninayemheshimu na ambaye naye ana mlinzi wa bunduki, hakukubaliana nami. Tuliongea jioni ile tukifunga milango. Alisema mwenye nia ya kuua hakosi chombo, kisha akatoa mfano ambao mtu wa ukanda huu wa ziwa hawezi kuupuuza. Mwaka 2010 majambazi wenye bunduki walivamia kisiwa cha Izinga, kule Ukerewe, wakapora na kuua watu 14. Mwaka huo huo, mwezi Februari, huko Buhare, Musoma, watu 17 wa ukoo mmoja waliuawa usiku, na hao waliuawa kwa mapanga. "Mama," aliniambia, "panga liliua wengi kuliko bunduki. Utafunga mapanga yote ya Kanda ya Ziwa?"

Sikuwa na jibu jioni ile, na sikutaka kumjibu kwa pupa kwa sababu mfano wake ni wa kweli na waliokufa ni watu wetu. Wazee wa hapa wangeweza hata kumwongezea. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta maiti kutoka Rwanda hadi ziwani, watu wakaogopa kula samaki, na sehemu kubwa ya mauaji yale ilitendwa kwa mapanga na marungu. Nimelifikiria jambo hili kwa miezi mitano sasa, na jibu langu linaanzia kwenye idadi ya wauaji. Buhare walikwenda kundi, waliokuwa wamepanga, na waliwakuta watu usingizini. Rwanda ilihitaji maelfu ya mikono, redio ya kuichochea kila siku, vizuizi barabarani, na serikali nzima iliyosimama nyuma ya mauaji. Panga humlazimu muuaji amsogelee kila mmoja, achoke, asikie, na wakati wote huo wengine wanakimbia, wanapiga mwano wa kuomba msaada au wanamkamata. Ili liue wengi linataka wauaji wengi, au usiku na usingizi, au vyote. Bunduki haina masharti hayo. Humwezesha mtu mmoja, mchana kweupe, akiwa mbali, afanye peke yake kazi ya kundi.

Kuna siku moja ambayo naiona kama mizani ya jambo hili. Tarehe 14 Desemba 2012, katika kijiji cha Chenpeng, jimbo la Henan nchini China, mtu mmoja aliingia shule ya msingi akiwa na kisu na kuwajeruhi watoto 23 na mama mmoja mzee. Siku hiyo hiyo, huko Newtown, jimbo la Connecticut nchini Marekani, kijana mmoja aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook akiwa na bunduki na kuua watoto 20 na watu wazima 6. Uovu ulikuwa mmoja, waliolengwa walikuwa watoto wale wale wadogo wasioweza kujitetea, na wote wawili walifika hadi ndani ya shule. Chenpeng hakufa hata mmoja. Wazazi wa Chenpeng walipeleka watoto wao hospitali, wengine wakiwa na majeraha mabaya sana, lakini waliwarudisha nyumbani.

Kuna jambo la pili kuhusu Newtown ambalo lilinirudisha moja kwa moja kwenye robota langu la nyavu. Kijana yule hakununua bunduki. Ilikuwa ya mama yake, aliyeinunua kwa kufuata sheria, na alimuua mama huyo nyumbani kabla ya kwenda shuleni. Tarehe 3 Mei 2023, huko Belgrade nchini Serbia, mvulana wa miaka 13 alichukua bastola mbili za baba yake na kwenda nazo shuleni kwake. Waliokufa walifika 10, watoto tisa na mlinzi wa shule. Hapa sizungumzii majambazi wenye mitandao ya kuvusha silaha mipakani, hao wana njia zao na polisi wana kazi yao. Ninazungumzia silaha halali, yenye kibali, iliyonunuliwa kwa nia njema na mtu mzima, kisha ikaachwa mahali ambapo mkono usio wake unaifikia. Silaha ya kampuni niliyoikodi ilikuwa halali kabisa, na karatasi zake nilionyeshwa, zikiwa na mihuri yote.

Sipendi kutia chumvi, kwa hiyo niseme pia kinachoipunguza nguvu hoja yangu. Wingi wa bunduki peke yake hauelezi kila kitu. Taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, yenye makao yake Geneva, ilikadiria mwaka 2018 kwamba Marekani ina bunduki za kiraia zipatazo 120 kwa kila watu 100, yaani zinazidi watu, na ni nchi ambayo habari za mauaji ya namna hii haziishi. Uswisi nayo ina bunduki nyingi majumbani, kwa makadirio hayo hayo zinapita robo ya idadi ya watu wake, na mauaji ya halaiki ya risasi huko ni nadra, ingawa mwaka 2001 mtu mmoja aliua watu 14 ndani ya bunge la jimbo la Zug. Lakini ukitazama jinsi wanavyoishi nazo, unakuta kwamba mwaka 2007 serikali yao iliamua askari wa akiba wasikae tena na risasi za jeshi nyumbani. Bunduki ilibaki chumbani, risasi zikarudi ghalani. Jambo hilo dogo ndilo hasa nililoiomba kampuni yangu, kama nitakavyoeleza.

Nchi zilizowahi kuumizwa na kuchukua hatua nazo zinafundisha. Australia, baada ya mtu mmoja kuua watu 35 huko Port Arthur mwezi Aprili 1996, ilibana aina za bunduki zinazoruhusiwa na kununua kutoka kwa raia bunduki zaidi ya 600,000, na katika miaka 20 iliyofuata halikutokea tena tukio la ukubwa ule. Uingereza ilipiga marufuku bastola za kiraia baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane, Scotland, mwezi Machi mwaka huo huo. Nyuzilandi, ambako watu 51 waliuawa misikitini Christchurch tarehe 15 Machi 2019, ilipitisha sheria mpya kabla mwezi mmoja haujapita tangu mauaji hayo. Hawakudai kwamba wameponya chuki mioyoni mwa watu. Walichofanya ni kuirefusha njia kati ya chuki na bunduki.

Hapa kwetu njia hiyo ni ndefu, na nadhani hatuishukuru vya kutosha. Anayetaka kumiliki silaha huanzia kwa uongozi wa mtaa au kijiji, ambako watu wanamfahamu yeye na ugomvi wake, kisha hupanda hatua kwa hatua kupitia wilaya na mkoa, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka ailinde isifikiwe na wengine. Nimewasikia wafanyabiashara wakiulalamikia mlolongo huo. Mimi pia niliulalamikia miaka iliyopita, nilipofikiria kuomba bastola yangu mwenyewe. Leo naona kila ofisi katika mlolongo ule ni mtu mmoja zaidi anayeweza kusema, "huyu subiri kwanza." Shida ni kwamba huduma ya kukodi mlinzi wa silaha inaniwezesha kuuruka mlolongo wote kwa saini moja. Bunduki ilifika mlangoni pangu bila mtu wa mtaa wangu kuulizwa mimi ni nani, ninaishi na nani, wala stoo yangu ina mlango wa namna gani.

Nilikwenda ofisini kwao siku iliyofuata tukio la stoo. Meneja alinipokea vizuri, akaniketisha, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada yangu, mlinzi huyo tunamwondoa leo." Nilimwambia sikuja kuomba mtu afukuzwe kazi. Niliomba mambo matatu: sanduku la chuma lenye kufuli lililofungwa kwa bolti ukutani, ambamo bunduki itawekwa kila mlinzi anapotoka lindoni hata kwa dakika tano, risasi zikae kiunoni mwa mlinzi na zisiwe ndani ya bunduki mchana, dukani penye watu, na daftari la kukabidhiana silaha lisainiwe na pande zote mbili, mimi nikiwa mmoja wao. Mlinzi aliondolewa siku ile ile. Sanduku lilifika baada ya wiki tano. Daftari lilikuja likiwa na safu ya saini ya mlinzi anayetoka na anayeingia, bila yangu. Kuhusu risasi niliambiwa kwamba mlinzi asiye na risasi ndani ya bunduki atakuwa amechelewa jambazi akitokea.

Hoja hiyo ya kuchelewa nimeipima pia, kwa kuwa ndiyo bidhaa hasa wanayotuuzia: kwamba mwenye bunduki mwema atamwahi mwenye bunduki mbaya. Huko Parkland, Florida, tarehe 14 Februari 2018, shule ilikuwa na askari wake mwenye silaha. Alibaki nje, na watu 17 wakafa. Huko Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022, askari wenye silaha walijaa shuleni na kusubiri zaidi ya saa nzima kabla ya kuingia darasani, na waliokufa ni watoto 19 na walimu 2. Si kwamba mwenye silaha hawezi kamwe kuzuia. Yapo matukio ambayo alizuia. Lakini walionifanyia mahesabu ya sekunde ofisini hawakuwa na jibu nilipowauliza mlinzi wangu alifyatua risasi mara ya mwisho lini. Nilikuja kuambiwa na mlinzi mwenyewe: mara moja, wakati wa kuajiriwa, risasi tatu.

Tena bunduki mlangoni huweza kuwa ndiyo inayotafutwa. Wengi tunakumbuka Julai 2015, kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, Dar es Salaam: watu saba waliuawa na silaha zikaporwa. Tunakumbuka pia tarehe 25 Agosti 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini humo, ambapo mtu mmoja aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi, na miongoni mwa silaha alizotumia zilikuwemo alizozichukua kwa askari aliokwisha kuwaua. Kama askari waliofunzwa waliweza kunyang'anywa, mzee wangu wa lindo, peke yake saa tisa usiku, upepo wa ziwa ukimpiga na blanketi mabegani, ana nafasi gani? Yeye na bunduki yake walikuwa wameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, mahali ambapo kila mpita njia aliwaona. Nilikuwa nalipia kumweka hapo.

Kilichonikatisha tamaa kabisa na huduma hii, hata hivyo, hakikuwa sanduku wala mafunzo. Katika mwezi wa sita nilimkuta mzee yule asubuhi hajanieleza habari za usiku. Nilimwamkia, akaitikia, akanyamaza. Nilimletea chai na chapati, akaishika chai bila kuinywa. Baadaye akaniambia, kwa sauti ya chini mno, kwamba hajalipwa mshahara kwa miezi miwili, kwamba mjukuu wake amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada, na kwamba alipokwenda ofisini kuuliza alijibiwa na kijana wa umri wa mwanawe kwamba kama hataki aache, wenye shida ya kazi ni wengi. Alisema hayo akiwa amelaza bunduki magotini. Kisha akasema, "Mwanangu, binadamu akidharauliwa sana hujiogopa mwenyewe."

Ninamfahamu mzee huyu na sidhani kama angemdhuru mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeona hatari na kuitaja, na kwa hilo nitamheshimu daima. Lakini nilikuwa nimelipa ankara zangu zote kwa wakati, na bado kampuni ilimkabidhi mtu mwenye njaa, mwenye usingizi na aliyedharauliwa silaha yenye risasi kila jioni, bila mtu wa kumtazama usoni na kumuuliza kama leo yuko sawa. Wanaoandika kuhusu mauaji haya katika nchi nyingine hueleza mara kwa mara hali hii: kinyongo kilichoiva, mtu anayejiona amefungiwa milango yote, na silaha iliyo karibu. Cha kwanza na cha pili hakuna mji usio navyo. Mwanza tunavyo. Vipo Igogo, Mabatini, hapa Kirumba, katika nyumba za walioibiwa injini ziwani wakiwa bado wana deni lake, na kwa vijana waliotapeliwa mitaji. Ni cha tatu tu ambacho kwa kiasi kikubwa hatuna, na mimi nilikuwa nakilipia kwa mwezi.

Nilimlipia mzee ada ya mjukuu, nikaikata katika ankara iliyofuata na kuwaandikia sababu. Hawakunijibu, lakini mishahara ilitoka wiki ile. Sijui kama ni kwa barua yangu.

Kwa sasa tumejiunga wenye maduka wanane wa mstari wetu. Tumeajiri walinzi wawili wa rungu na filimbi kwa usiku, mmoja kila ncha ya mstari, ili kila mmoja amwone mwenzake. Tumefunga king'ora chenye betri, kinachosikika hadi Mwaloni, na taa zisizozimika umeme ukikatika. Fedha za mauzo ninazipeleka benki mara mbili kwa siku katika siku za manunuzi, na uwakala nimeuwekea kikomo cha taslimu. Wazazi wetu Wasukuma walijenga sungusungu kwa pinde, mishale na mwano, na ingawa utaratibu ule ulikuwa na makosa yake makubwa ya kuhukumu watu bila mahakama, kulikuwa na akili katika wazo kwamba ulinzi ni watu wengi kuamka kwa pamoja. Usiku wa wiki iliyopita king'ora kililia saa nane kwa sababu ya paka, na kabla sijafika dukani nilikuta watu wasiopungua ishirini, wengine na mashuka viunoni. Jirani yangu wa injini alikuwa miongoni mwao. Yeye bado ana mlinzi wake wa bunduki na hatujaacha kubishana, ila ameniomba vipimo vya lile sanduku la chuma, na wiki hii fundi anamtengenezea lake.

Kwa anayetaka hukumu ya moja kwa moja kuhusu huduma: utunzaji wa muda, usafi na doria ni mzuri sana, malipo kwa walinzi ni ya aibu, mafunzo ni hafifu, na utunzaji wa silaha, ambao kwangu ndio moyo wa huduma nzima, haufai kuwekwa penye watoto, wateja na wabeba mizigo. Kwa mgodi, benki au gari la kusafirisha fedha, penye chumba maalumu cha silaha na wasimamizi wa kudumu, inaweza kuwa na mahali pake. Kwa duka la nyavu, la nguo au la vipuri, siishauri. Ukilazimika, basi kabla ya kusaini taka kuona sanduku likiwa tayari ukutani, uliza risasi zinalala wapi, muulize mlinzi mwenyewe, akiwa peke yake, kama amelipwa mwezi uliopita, na simama stoo kwako saa saba mchana uhesabu ni wangapi wanaopita.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Barua ya kutouendeleza nimeipeleka kwa mkono, nikasainiwa nakala. Mzee amekubali kuja kwetu kama mmoja wa wale wawili wa rungu, kwa mshahara tutakaomlipa kila tarehe 28, na anaanza kazi giza lijalo.